Vifungo vya Upande wa Ndani

Jumapili, tarehe 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, nakuandikia wewe daftari peke yako: pakiti ya mwisho ya sigara za Baba sikuitupa.

Alinikabidhi jana mchana mbele ya mlango wa choo. "Katupe humo, mwanangu. Nikitupa mwenyewe nitaifuata." Kisha akanigeuzia mgongo asione. Niliingia, nikamwaga kopo zima la maji ili asikie mshindo, nikatoka na pakiti ndani ya soksi. Akanishika bega akasema ahsante, wewe ndiye mtu pekee humu ndani asiyenicheka.

Sikuwa na nia ya kuvuta. Nadhani niliona haya kutupa kitu kilichokaa kwenye mfuko wake wa kifuani tangu kabla sijazaliwa. Zimebaki kumi na moja. Nimezificha ndani ya mkebe wangu wa hesabu, pamoja na bikari na kipande cha rula, kwa kuwa shule nimemaliza na hakuna tena mtu wa kuufungua.

Hata daftari hili ni la Baba. Muuguzi wa kliniki ya kifua alimpa akamwambia kila akishikwa na hamu aandike ni saa ngapi, yuko wapi na moyo wake ukoje. Alimwambia, "Mzee, mkono hauvuti sigara. Moyo ndio unaovuta, mkono unatumwa tu." Baba akasema yeye na kalamu hawajapatana tangu utotoni, akanipa mimi daftari. Yeye ni fundi cherehani, ataandika kwa sindano. Amekata utepe wa kaki, ameukunja mara mbili, ameutundika ukutani, na kila hamu itakayompita bila kuvuta ataishonea kifungo: cheusi ni hasira, cha bluu ni huzuni, cha kijivu ni upweke, chekundu ni furaha.

Mama aliuliza furaha nayo inahusu nini na sigara. Baba akasema furaha ndiyo mbaya kuliko zote. Hasira unaijua kuwa ni adui, unajifungia mlango. Furaha unaifungulia mwenyewe, na inaingia na kiberiti mkononi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua imeanza. Vyeusi vitatu, cha kijivu kimoja. Cherehani ya Mama imekatika mkanda.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Kinyozi wa mlango unaotazamana na wetu amepiga hodi kuuliza kama kuna msiba, maana siku sita hajamwona Fundi akitoka nje. Walikuwa wakivuta pamoja chini ya bati lake, kila mmoja kwenye kigoda chake. Baba akamwambia kigoda amrithishe mteja mwenye kichwa kikubwa. Wakacheka wote wawili, lakini kinyozi alipoondoka Baba alishona cha kijivu, na alijichoma kidole.

Mama haamini. Hii ni mara ya nane Baba anaacha. Mara ya saba alidumu siku kumi na tisa, akarudia kwenye harusi ya mdogo wake.  Mama anapompitia karibu, anavuta pumzi kwa pua.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Matokeo yametoka. Sikuchaguliwa kuendelea.

Niliyasoma kwenye simu ya Mama nikiwa nimesimama kaunta, mteja akisubiri suruali yake ipunguzwe kiuno. Nikamrudishia Mama simu. Aliisoma, akasema, "Basi," akaendelea kupiga pasi, lakini alipiga mkono uleule wa shati mara nne. Baba alitoka nyuma ya cherehani yake na futi shingoni. "Utashona," akasema. "Kushona nako ni kazi ya kichwa." Najua alitaka kunipoza. Mimi nilisikia mlango ukifungwa.

Umeme ulikuwa umekatika kwa sababu ya mvua, kwa hiyo tunatumia pasi ya mkaa. Mama alinituma niipeleke chumba cha kukatia ikapoe. Chumba hicho kiko nyuma, kina meza ndefu, majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani, na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kwa Mama, harufu yoyote ya moshi mle ndani ni ya pasi.

Niliwashia sigara kwenye kaa la pasi. Nilikohoa mpaka machozi yakatoka, na niwe mkweli, kwa muda wote niliokuwa nakohoa sikufikiria matokeo. Kifua kiliuma kwa sababu ninayoijua. Ilikuwa ni nafuu ya ajabu, na ndiyo inayonitisha ninapoandika. Baadaye nilisukutua kwa sabuni ya kufulia.

Kabla ya chakula Baba alinionyesha utepe. Vifungo viwili vipya vya bluu, bega kwa bega. "Hivi ni vyako," alisema. "Leo nimetamani sigara kuliko siku zote tangu nizaliwe. Nikasema hapana, leo mwanangu ndiye anayeumia, mimi nikimbilie wapi?"

Nikasema ahsante Baba. Sabuni ilikuwa bado inaniwasha ulimi.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Zimebaki nane. Mteja aliniuliza, "Na wewe sasa uko chuo gani?" Alikuwa mama mwema tu anayeongea huku akingoja chenji. Nilimwambia nasubiri. Kisha nikaenda kusubiri chumba cha kukatia.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Nimejichunguza kama muuguzi alivyoagiza, ingawa mgonjwa wake si mimi. Sivuti nikiwa na hasira, sina hasira na mtu. Navuta nikiona aibu. Kisha naona aibu kwa sababu nimevuta. Kisha inabidi nivute. Ni kama punda wa kinu. Baba hana kifungo cha aibu.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Kazi kubwa imepatikana! Chuo cha uuguzi kinataka makoti meupe thelathini, yawe tayari mwanzoni mwa Mei. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyempendekeza Baba, kwa sharti moja: koti lisinuke moshi. Baba alizunguka chumba kizima akipiga makofi madogo, kisha akasimama ghafla, akakaa, akashona vifungo vyekundu vitatu mfululizo. Mama alimtazama mpaka alipomaliza. Halafu akamletea chai, jambo ambalo kwa kawaida mimi ndiye ninayelifanya.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili

Tunapima wanafunzi na kukata. Kwa ambaye hajui: makoti thelathini hayakatwi moja moja. Kitambaa kinatandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, kumi kwa mpigo, kinanyooshwa mpaka kingo zikae sawa kabisa, juu yake inawekwa ramani, yaani umbo la kipande kwenye karatasi ngumu, na vyuma vya kuzuia kisitambae. Baba anachora kwa chaki tabaka la juu tu, kisha anakata yote kwa pamoja. Anasema ukikosea umekosea mara kumi, ndiyo maana fundi anayekata hazungumzi.

Siku ya thelathini na sita. Mama ameacha kunusa.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Nitaandika yote, na kwa utaratibu.

Asubuhi aliingia msichana niliyekuwa naye dawati moja miaka minne. Nilikuwa nikimfanyia michoro ya jiometri, yeye akinijibia maswali ya mwalimu pale sauti yangu ilipokataa kutoka. Amechaguliwa chuo cha uuguzi. Amekuja na mama yake kupimwa koti. Baba alikuwa ametoka kununua uzi, kwa hiyo nilimpima mimi. Mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Alinyoosha mikono pembeni, nikamzungushia futi kama ninayemkumbatia, na wala hakuringa. Angeringa ingekuwa afadhali. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Nishonee wewe langu. Nitajua ni la mkono wako." Nikaandika vipimo. Namba saba yangu ilitoka kama moja.

Walipoondoka nilikwenda chumba cha kukatia. Matabaka kumi ya mbele kushoto yalikuwa mezani, ramani imeshawekwa, Baba akirudi akate. Niliwasha. Nilikuwa nimevuta mara tatu niliposikia kandambili za Mama. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Sikufikiri, niliinua ukingo wa ramani, nikaisukuma sigara chini yake, nikanyakua pasi nikatoka nayo. Nilisema moyoni, ni dakika moja tu. Lakini Mama alinituma uani kuongeza mkaa, na mkaa ulikuwa umelowa, ikabidi nitafute mkavu chini ya gunia.

Niliporudi na ndoo, Mama alikuwa ameiinua ramani. Baba alikuwa mlangoni, boksi la uzi mkononi, maji yanamtiririka. Kipande cha sigara kilikuwa pale, kimejizima. Chini yake palikuwa na tundu lenye kingo za rangi ya chai. Mama aliinua tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Tundu lilikuwapo kila tabaka, likipungua ukubwa, mpaka tabaka la sita ambalo lilikuwa na doa tu. Makoti sita, mahali palepale, juu ya moyo.

"Si mimi," alisema Baba.

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema, "Mara ya nane, Fundi. Na safari hii nilikuwa nimeanza kukuamini. Ndiyo inayoniuma."

Baba alikichukua kile kipande akakisoma. Ni sigara zake, anazijua kwa mstari wa kijani. Niliona uso wake ukibadilika, na sijui kama nitaweza kuusahau: alianza kujitilia shaka. Miaka ishirini na mitano mkono ule ulikuwa ukiwasha sigara bila kumwuliza. Alinigeukia, taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Mwanangu, wewe unashinda humu. Uliniona?"

Nikasema, "Sijui, Baba."

Ndoo ya mkaa ilikuwa mkononi mwangu. Nilisema sijui.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Mama ameutoa utepe ukutani. Amesema vifungo ni mali ya duka, visichezewe. Hawazungumzi ila kwa vipimo.

Jumatano, tarehe 10 Aprili

Mvua. Baba amekaa mbele ya matabaka siku nzima na hajakata kitu.

Alhamisi, tarehe 11 Aprili

Saa nne asubuhi nilimwona kupitia dirisha la dukani. Alikuwa amekaa chini ya bati la kinyozi, kwenye kigoda chake cha zamani, na moshi ulikuwa unatoka puani mwake. Siku ya arobaini na moja. Kinyozi alikuwa anamwambia kitu cha kuchekesha, yeye hacheki. Nilisikia alichojibu, kwa kuwa mvua ilikuwa imepungua: "Kama nimeshahukumiwa kwa kuiba kuku, basi afadhali nimle."

Kinyozi aliitwa na mteja akaingia ndani. Nilikwenda chumbani nikachukua mkebe wa hesabu. Kila hatua bikari iligonga bati la mkebe kama kengele. Nilivuka nikasimama mbele yake, maji yakinidondokea kutoka ukingoni mwa paa, nikaufungua mkebe. Sauti yangu ilikataa kutoka, kama kawaida yake. Kwa hiyo nilimwonyesha tu. Sigara tano, na ile pakiti aliyoniambia nikaitupe.

Alizitazama. Kisha akanitazama mimi. Niliona anafungua hesabu yote kichwani, kuanzia kopo la maji chooni.

"Ya kwanza ulivuta lini?"

"Siku ya matokeo."

Aliiangusha aliyokuwa nayo kwenye mfereji. Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, na nilidhani atalia kwa hasira, nikajiandaa kupigwa, ingawa hajawahi kunipiga. Alipovitoa alisema, "Na mimi siku ile nilikuja kukuonyesha vifungo."

Nilimwambia nisamehe Baba, nilisema sijui na nilikuwa najua. Alisema hilo litachukua muda, hatanidanganya. Alisema lilimchoma kuliko sigara, kwa sababu siku tatu ameamini kuwa ana wazimu. Lakini akasema pia: "Mzigo wangu nilikupa wewe ukautupe, halafu nikakupa mgongo. Mtu mzima anatupa mwenyewe, macho wazi." Akanisogezea kigoda cha kinyozi, nikakaa. Tukazitupa zile tano moja moja kwenye mfereji, na safari hii wote tulitazama mpaka zilipopita kalvati.

Nikasema naenda kumwambia Mama sasa hivi. Nilikuwa nimeshasimama. Akanishika kiganja.

"Mama yako kunisamehe mimi amezoea," alisema. "Mara saba. Anajua pa kuanzia. Wewe hajawahi kukusamehe jambo kubwa, na wiki hii hana nguvu ya kujifunza. Ngoja."

"Lakini atakuona wewe ndiye mwongo."

"Leo nimevuta kweli. Nusu ya kesi ni yangu."

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Baba amepata dawa ya matundu. Koti la uuguzi lina mfuko mmoja wa kifuani. Kwenye ramani uko chini, karibu na mbavu. Akiupandisha vidole vinne, unafunika tundu barabara. Lakini makoti sita hayawezi kuwa na mfuko juu na ishirini na nne chini. Kwa hiyo yote thelathini yatapandishwa. Amekata leo, bila kuzungumza. Mifuko nashona mimi, na kila tundu nalitilia kiraka cha ndani kwanza ili lisiendelee kuchanika.

Jumapili, tarehe 14 Aprili

Baba ameniita tukiwa wawili, akanipa utepe wangu. Wa kaki, umekunjwa mara mbili kama wake. Wake ameuanza upya, kifungo cha kwanza.

Nilimwuliza aibu ni rangi gani. Alisema muuguzi hakuitaja. Aliupekua mkebe wa vifungo mpaka chini, akatoa kile kidogo kisicho na rangi, cha kupitisha mwanga, ambacho kwenye shati hushonwa upande wa ndani, karibu na pindo, kuwa cha akiba. Wanaovaa mashati miaka mingi hawajui kama kipo. "Hiki," akasema. "Na utakishona kwa ndani. Chukua nyuzi za kunjo la chini tu, mbele pasionekane hata mshono."

Nikamwuliza kama yeye pia atahitaji vya aina hiyo. Akachota kiganja kizima, akatugawia nusu kwa nusu.

Jumatano, tarehe 17 Aprili

Vitatu vya ndani. Cha kijivu kimoja mbele.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Kinyozi amekuja kumletea Baba kigoda chake kwa kudumu, kama mahari. Baba anakitumia kuwekea pasi.

Jumatano, tarehe 24 Aprili

Leo ilikuwa mbaya. Nilimaliza koti la msichana wa dawati langu. Niliyajua vizuri mabega yake. Mfuko wake hauna tundu chini, nilihakikisha. Hamu ilinishika, nikaenda mpaka kwa kinyozi, nikasimama pale ambapo kuna harufu. Sikuomba. Kinyozi aliniuliza nataka nini, nikasema nimetumwa kuuliza saa. Akanionyesha saa iliyo nyuma yangu, kubwa kama sinia, ninayoiona kila siku kutoka dukani. Nilirudi nikashona vitano kwa ndani.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Mvua zinaisha. Mkuu wa chuo amechukua makoti. Ni mama mrefu anayeongea kama anayesoma kipimo cha homa. Alivaa moja, akatia kalamu mfukoni, akaitoa, akaitia tena. Akasema, "Fundi, mfuko huu umekaa mahali pake. Yale ya zamani kalamu zilikuwa zikituchoma mbavu. Mwakani fanya hivihivi." Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama sakafu. Koti alilolivaa lilikuwa moja ya yale sita, nakijua kiraka chake.

Alipoondoka, Mama alimwambia Baba, "Haya, Fundi. Yaliyopita si ndwele." Alilitamka kwa upole, mara ya kwanza baada ya wiki nne, na akamwondolea uzi begani. Baba akasema ahsante. Alipokea msamaha ambao si wake, mbele yangu, na hakunitupia jicho hata mara moja.

Kisha Mama aliurudisha utepe wa Baba ukutani, juu ya cherehani. Nao wangu akautundika kushoto kwake. Anadhani ninashona ili kumtia baba yangu moyo. Ameshawaambia wateja wawili. Mmoja alisema mtoto wa aina hii ni nadra, na Mama akanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu kabla ya matokeo. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, na Baba akakohoa, na mashine zikaanza.

Ni siku ishirini na tatu tangu tuzitupe zile tano, na sijavuta. Kwa mbele utepe wangu una vifungo tisa: vya kijivu sita, vya bluu viwili, na leo, kwa ajili ya kalamu ya Mkuu, chekundu kimoja. Ni mzuri kuutazama. Kwa ndani vipo thelathini na vinne, na cha mwisho nimekishona leo hii, Mama akiwa anaongea.

Nitamwambia mimi mwenyewe. Baba anasema ngoja, lakini naona nikingoja sana nitazoea kusifiwa, na hapo sitaweza tena. Namwomba Mungu kabla mvua nyingine hazijaanza.

Mpaka siku hiyo, wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba kwa heshima. Ukiingia dukani kwetu kupunguza suruali, ukaziona tepe mbili za kaki zimetundikwa juu ya cherehani, tazama ya kushoto kama wanavyoitazama wengine, sema ni nzuri ukipenda. Usiigeuze.